Mchezo wa Vita Usio na Wapagazi Una Kasoro

Jumamosi tulikutana marafiki wanne kucheza vita kwa vijisanamu vya askari. Meza, rula, dadu na kitabu cha kanuni, basi. Tulichagua Vita Vikuu vya Kwanza hapa Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Waingereza walikuwepo, Wajerumani na askari wao walikuwepo, hata bunduki za rashasha zilikuwepo. Wapagazi je? Hakuna hata mmoja!

Nilipouliza, jamaa akanijibu: "Bwana, hao watachelewesha mchezo." Haya, na vita vyenyewe havikuchelewa? Mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe, kwa hiyo risasi na chakula vikabebwa kichwani. Upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Kazi yangu ni kuandika programu. Kanuni za mchezo nazo ni programu, ila zinaendeshwa na watu badala ya kompyuta: usichokiandika hakipo. Tena kanuni hizi ziko wazi kitabuni, yeyote mwenye penseli anaweza kuzirekebisha. Kwa hiyo hatuna kisingizio.

Marekebisho yangu ni mstari mmoja tu: kikosi kisicho na wapagazi hakisogei. Anayeona hilo linaharibu raha, na aucheze mchezo wake, lakini asiuite wa kihistoria.