Bwana Shamba Anasema: Rangi Haiponyi Ubao

Mwezi huu tuzungumze juu ya mbao. Wengi wetu tukishauza mawese au dagaa, tunakwenda kwa seremala. Tunataka kabati, meza au kitanda. Tunataka kipakwe rangi ili nyumba ipendeze. Hilo ni jambo jema. Lakini je, unaujua ubao ulio chini ya rangi?

Mimi sikuujua. Mwaka mmoja nilinunua kabati hapa Ujiji. Lilikuwa na rangi ya buluu, linang'aa. Sikuuliza kitu. Ilipofika Agosti, mlango ulipinda, haukufungika tena. Ubao ulikuwa mbichi, na kiangazi kiliukausha ndani ya nyumba yangu. Kisha nikaona sakafuni vumbi laini kama unga. Bungua walikuwa wakiula ubao. Fedha zetu, mimi na mke wangu, zikapotea. Wazee walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi tujifunze kuchagua.

MNINGA. Mbao zake ni imara, hazipindi ovyo. Zinapendeza kwa vanishi tu. Kuupaka mninga rangi ni kama kuvaa kanzu mpya, halafu kuifunika kwa gunia. Tena mninga hukua polepole, na bei yake ni kubwa. Ukiukata porini bila kibali, unavunja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

MSONOBARI. Huu unafaa kwa kitu cha kupaka rangi. Ni mti wa kupandwa, kama ule wa shamba la Sao Hill, wilaya ya Mufindi. Ubao wake ni mwepesi na hushika rangi vizuri. Lakini una mafundo yenye utomvu. Utomvu hupenya rangi na kuacha doa. Chagua ubao wenye mafundo machache. Upande wenye fundo uwekwe nyuma.

MWEMBE. Mwembe mzee usiozaa tena unaweza kutoa mbao. Lakini bungua wanaupenda sana. Upasue mara baada ya kuukata, uukaushe, na uutie dawa ya wadudu.

MCHIKICHI. Huu haufai. Shina lake ni nyuzi, halitoi mbao za kabati. Mchikichi tuuachie kazi yake ya mawese.

Sasa, utajuaje kama ubao ni mzuri? Fanya hivi:

1. Ukaushe. Panga mbao chini ya paa, mahali penye upepo. Weka vijiti kati ya ubao na ubao. Pima ubao mmoja kwa mizani. Pima tena kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekauka.

2. Utazame unyoofu wake. Inua ncha moja hadi kwenye jicho, kama mtu anayelenga bunduki. Ukiona umepinda, uache.

3. Tafuta wadudu. Ukiona matundu madogo na vumbi, usiununue, hata ukipewa kwa bei ndogo.

4. Ona kazi kabla ya rangi. Mwambie seremala: "Fundi, usipake rangi mpaka nije nione." Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi, maana utaiona kazi ya mikono yake.

Ndugu msomaji, rangi ni nguo ya ubao. Nguo haimponyi mgonjwa. Fedha ya mawese hupatikana kwa jasho. Usiitoe kwa kutazama nguo tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kabati la Bwana Shamba liliharibika?
2. Kwa nini si vizuri kuupaka mninga rangi?
3. Je, kijijini kwenu mbao hukaushwa namna gani?
4. Ni miti gani mnaweza kupanda leo ili watoto wenu wapate mbao?