Rehema ya kila asubuhi

Na Damaris Wekesa

Jumapili, kuanzia Holy Family na All Saints katikati ya jiji la Nairobi hadi makanisa ya mabati ya Kangemi na Kawangware, ushuhuda ni ule ule: Mungu ni mwaminifu. Mama amepata kodi ya nyumba, mtoto ametoka hospitali. Nauamini ushuhuda huo. Ila kila ninapousikia nataka kujua pia uaminifu huo ulipitia mikononi mwa nani.

Mikono ninayoikumbuka zaidi ni ya makao ya watoto yaitwayo Nyumbani, kule Karen. Septemba 1992 padri Mjesuiti kutoka Marekani, Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alifungua makao hayo kwa watoto watatu. Walikuwa na virusi vya Ukimwi na hawakuwa na wa kuwalea. Wakati huo Kenya haikuwa na dawa za kupunguza makali, na aliyempokea mtoto kama huyo alijua huenda akamzika. Wengi walizikwa kweli. Hata hivyo palikuwa na uji, shuka safi na mtu wa kukesha na mgonjwa, na kulipokucha kazi ilianza tena. Kumpenda mtoto asiyetarajiwa kupona, na kuamka kesho ukampenda tena, ndiyo imani ninayoiheshimu kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

Dawa zilipopatikana, watoto wakaanza kukua, nasi watu wazima tukawawekea kizingiti kingine. Januari 2004 ilibidi Nyumbani iende Mahakama Kuu kwa sababu shule za umma zilikuwa zikiwakataa watoto wake. Serikali ikakubali wapokewe. Ni aibu kwamba ilihitaji mahakama, katika jiji lenye makanisa kila kona.

Padri D'Agostino alifariki Novemba 2006. Mradi wa Lea Toto, ulioanzishwa na Nyumbani mwaka 1998, uliendelea kuwafikia watoto wenye virusi mitaani, Kangemi na Kawangware zikiwemo, wengine wakilelewa na nyanya zao.

Sisi Wakenya ni hodari wa huruma ya siku moja. Harambee ikiitishwa tunachanga, Krismasi tunapeleka unga na mafuta, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Lakini mtoto mwenye virusi humeza dawa kila siku ya maisha yake, wala hawezi kuimeza kwa tumbo tupu hadi Desemba ifike. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi nchini zilizoitegemea ziliingiwa na hofu. Tulikuwa tumewaachia wageni wajibu wa majirani.

Nabii wa Maombolezo aliposema rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi, mbele yake palikuwa na magofu ya Yerusalemu. Aliyasema hayo akiwa na njaa ya watu wake machoni.

Wewe unayesali Lavington, Kawangware ni jirani yako. Wewe wa Westlands, Kangemi ni matatu moja tu kupitia Waiyaki Way. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii, umuulize ni nyanya yupi anayekosa nauli ya kliniki. Lipa mwezi huu. Mwezi ujao lipa tena, bila kukumbushwa.