Mukaba wa mashini ufunikwe



Wengi wetu hapa Ariwara tunapeleka muhogo na mahindi kwa mashini ya kusaga. Tunaangalia bei, tunaangalia unga kama ni laini. Mukaba hatuuangalie. Lakini pale mukaba unapoingia kwenye gurudumu, ndipo unavuta kikwembe ao shati, kisha mkono wenyewe. Na motere haisimame palepale, hata ukiizima.

Wenye mashini wanasema: mfanyakazi aangalie. Sisi hatukubali. Mtu anachoka, vumbi inamuingia machoni, wamama wako kwa foleni wanangoja. Chuma hakichoke. Wengine wanasema kifuniko kinachelewesha kubadilisha mukaba. Basi kifungwe kwa skrubu, fundi akifungue motere ikiwa imezimwa, akirudishe mbele ya kuwasha.

Hii si mawazo yetu tu. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, wa mwaka 1963, ambao Kongo iliukubali, unataka sheria ya inchi ikataze kuuza na kutumia mashini yenye sehemu za hatari zisizo na kinga, ikiwa mpya ao iliyokwisha kutumika.

Penye mashini ni ya koperative, sisi ndio wakubwa wa kazi. Penye ni ya mtu, sisi ndio wateja wake. Kwa hiyo mkutano unaokuja uamue: mbele ya kununua mazutu, wavu wa chuma. Fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Bei yake tutachangia. Kidole kikikatika, hakuna mchango wa kukirudisha.