Lala Kigali, Tembea Rwanda
Mgeni anayekuja Rwanda kwa wiki moja namshauri apange chumba kimoja tu Kigali, aache begi kubwa hapo, na kila alfajiri ateremke stendi ya Nyabugogo. Reli hatuna, lakini barabara kuu karibu zote hukutana mjini hapa, na mabasi huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, yajae yasijae. Aanze na kusini: ashuke Nyanza, apande pikipiki hadi Rukari, aione nyumba ya mfalme iliyoezekwa kwa nyasi na ng'ombe wa inyambo, pembe zao ndefu zikitikisika polepole huku mchungaji akiwaimbia. Hapo asiharakishe. Kisha aendelee hadi Huye, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989, na usiku atakuwa amerudi chumbani kwake. Rusizi aiache, ni mbali mno kwa kwenda na kurudi siku moja. Anayekwenda kuwaona sokwe wa milimani naye alale Musanze, kwa kuwa wageni hukusanyika Kinigi saa moja asubuhi. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi asikate tiketi ya asubuhi: ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na mabasi husimama mpaka saa tano. Aazime jembe, ajiunge na majirani.