Mama Asitolewe Nje

Kila siku katika hospitali za visiwa vyetu vitoto vichanga huchomwa kisigino ili itolewe damu ya kupimwa: huyu kwa sababu macho yake yameingia manjano, yule apimwe sukari, mwengine virusi vya ukimwi kwa kuwa mama yake anavyo. Vipimo hivyo ni vya lazima na huokoa maisha. Hatuna ugomvi navyo. Ugomvi wetu ni na desturi moja iliyozoeleka hata ikaonekana kuwa ni kanuni, nayo ni ya kumtaka mama akae nje.

Mwandishi wa safu hii amewahi kusimama na mkewe nyuma ya mlango uliofungwa, wakimsikiliza mtoto wao wa siku tatu akilia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi, na alisema kwa nia njema kuwa mama akiona damu atazimia. Akaongeza kuwa mtoto wa umri ule hajui maumivu, analia tu.

Kauli hiyo ya pili ndiyo inayostahili kukomeshwa. Ni kweli kwamba zamani hata mabingwa wa nchi tajiri waliiamini, wakawapasua watoto wachanga bila ya dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu. Lakini mwaka 1987 madaktari Anand na Hickey walikusanya ushahidi wa kitaalamu na kuuchapisha, nao ulionyesha kuwa mtoto mchanga huumia, na mwili wake mzima hutoa dalili za kuumia huko.

Mwaka 2000 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya watoto 30 waliochomwa kisigino. Waliopakatwa na mama zao kifuani, ngozi kwa ngozi, kilio chao kilipungua kwa asilimia 82 kuliko wenzao waliofunikwa nguo na kulazwa. Mwaka 2002 ikaelezwa kuwa kwa watoto waliokuwa wakinyonya, kilio kilipungua kwa asilimia 91.

Sasa, ndugu wasomaji, gharama iko wapi? Ziwa la mama halitaki fedha za kigeni, halisubiri meli, wala haliibiwi ghalani. Linalotakiwa ni mtoto apakatwe robo saa kabla ya kuchomwa, ashike ziwa vizuri kwanza, na asiondolewe mpaka pamba imeshawekwa. Mama akiwa mgonjwa, baba anacho kifua. Kisigino nacho kisikamuliwe kama ndimu. Ikihitajika damu nyingi, fundi mwenye mkono mwepesi aitoe kwenye mshipa, kwani imethibitika kuwa njia hiyo huuma kidogo zaidi.

Wako watakaosema kuwa mama humchelewesha mtaalamu. Mtoto aliyetulia hapigi mateke, na anayemtoa damu hahitaji kurudia.

Tunaiomba Wizara ya Afya itoe waraka kwa kila kituo, Unguja na Pemba, kwamba mama aingie pamoja na mwanawe, na kwamba chumba cha kutolea damu kiwe na kiti chenye egemeo. Kiti hicho maseremala wetu wanakiweza, na waraka wenyewe hautazidi ukurasa mmoja.