Jiwe Linaloumuka na Swali la Nani Amelipima

Mtu akiokota kipande cha ulanga mweusi au wa rangi ya shaba kando ya njia na kukitupa juu ya makaa ya moto, mara nyingi hakitatokea kitu cha kumshangaza. Lakini ikiwa kipande hicho si ulanga wa kawaida bali ni ndugu yake aitwaye vemikulaiti, kitaanza kujinyoosha na kujipinda juu ya makaa kama funza aliyeguswa na jua. Ndiyo maana mwaka 1824, huko Massachusetts nchini Marekani, jiwe hili lilipopewa jina, lilipewa la Kilatini lenye maana ya minyoo.

Hapana uchawi katika jambo hilo. Vemikulaiti imejengwa kwa tabaka nyembamba mno zilizopangwa kama kurasa za kitabu, na baina ya kurasa hizo yamo maji machache. Moto mkali ukilipata jiwe kwa ghafla, maji hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutokea, na mvuke huo huzisukuma kurasa mbalimbali. Viwandani jiwe hupitishwa katika tanuri lenye joto la nyuzi mia tisa hivi kwa muda mfupi sana, likatoka limeumuka mara nane, mara kumi na mbili, na aina nyingine hata zaidi ya mara ishirini ya ukubwa wake wa awali. Kilichoingia kizito kama kokoto hutoka chepesi kama bisi, na ndani yake kimejaa hewa.

Mfanyakazi wa ofisini na mwalimu huenda wakajiuliza hilo lawahusu nini. Wengi wao wameiona vemikulaiti katika mifuko ya plastiki kwenye maduka ya pembejeo za kilimo, wakaihesabu kuwa ni mojawapo ya vitu vya wazungu vinavyouzwa kwa bei ya kizungu. Dhana hiyo ina makosa. Jiwe hili limo katika ardhi ya Afrika kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. Afrika ya Kusini, kwa machimbo ya Palabora, imekuwa kwa miaka mingi mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa duniani. Zimbabwe wanalo. Uganda wanalo Namekara, upande wa mashariki karibu na Mlima Elgon. Kenya wanalo Kinyiki, jirani na Mtito Andei. Na hapa Tanzania wataalamu wa miamba walikwisha kuiandika Mikese, mkoani Morogoro, katika orodha ya mahali linapopatikana, si mbali na milima ya Uluguru ambako Wajerumani walichimba ulanga kwa faida yao. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Mikese akisinzia dirishani.

Basi jiwe hili lafaa nini? Kwanza kabisa lafaa kitaluni, na hapa ndipo mwalimu wa shule yenye bustani anapostahili kutega sikio. Mbegu ndogo, kama ya nyanya, kabichi au pilipili hoho, inahitaji mambo mawili yanayogombana: maji yasiyokauka, na hewa isiyokosekana. Udongo wa mfinyanzi huipa maji ukainyima hewa. Mchanga huipa hewa ukainyima maji. Chembe ya vemikulaiti iliyoumuka hunywa maji yenye uzito mara kadhaa kuliko wake na kuyashika baina ya kurasa zake, huku mianya iliyo kati ya chembe na chembe ikibaki na hewa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa imetoka katika tanuri, haina mbegu za magugu wala vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa unaoangusha miche usiku mmoja kana kwamba imekatwa kwa wembe. Wakulima wazoefu huchanganya nusu yake na nusu ya mboji iliyochekechwa, hujaza trei, hupanda mbegu, kisha hufunika kwa safu nyembamba ya vemikulaiti tupu. Safu hiyo haifanyi gamba gumu juu kama udongo ufanyavyo jua likipiga, hivyo mche hauchoki kabla haujaona mwanga. Siku ya kuhamisha, mizizi hutoka mizima pamoja na kitonge chake, wala haikatiki.

Vipandikizi navyo, viwe vya waridi au vya mimea mingine ya mapambo, hutoa mizizi upesi ndani yake. Na kwa mtumishi aishiye katika nyumba za ghorofa, ambaye bustani yake yote ni makopo sita kwenye baraza, udongo uliochanganywa na vemikulaiti huwa mwepesi kubeba na haukauki kabla hajarudi kazini jioni.

Lakini haifai kudanganyana. Vemikulaiti si mbolea. Ina uwezo wa kushika chakula cha mimea, hasa potasi na amonia, na kukitoa kidogo kidogo, lakini kama hakuna aliyekiweka hakuna kitakachotoka. Mche ukishatoa majani ya kweli wataka kulishwa. Maji ya samadi iliyolowekwa yatatosha. Tena, anayeimwaga katika tuta zima la udongo mzito na kulilima kila msimu anatupa fedha. Chembe zake hupondeka, kurasa hujifunga tena, na ile hewa iliyolipiwa hutoweka.

Hapa husikika sauti ya wale wasemao kwamba haya yote ni anasa, na kwamba shule ya kijijini ina pumba za mpunga zilizochomwa, ina unga wa makumbi ya nazi, ina samadi na mchanga wa mtoni, vyote bure. Sauti hiyo ina haki kubwa. Ilipotolewa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Siasa ni Kilimo mwaka 1972, hakuna aliyetarajia kwamba shamba la shule litangojea mfuko kutoka dukani. Pumba zilizochomwa vizuri hufanya sehemu kubwa ya kazi ya vemikulaiti, na mwalimu wa Mbarali au Kyela asiyezitumia ana lawama. Ila si kila wilaya ina mpunga wala nazi, na si kila mbegu ni ya bei ya kuchezewa. Mbegu chotara za nyanya huuzwa kwa kuhesabiwa moja moja. Mfuko mmoja wa vemikulaiti uliotumiwa kwa busara, kwenye trei na kama kifuniko tu, huokoa mbegu za thamani kuliko mfuko wenyewe. Kipimo kiwe hicho.

Matumizi ya pili yamekwisha kuingia jikoni, na wengi wanaoyatumia hawayajui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi na wataalamu wa Kenya walichukua umbo la jiko la mkaa la Thailand, wakalibadili kulingana na mapishi ya nchi yao, likazaliwa jiko la bati lenye bakuli la udongo uliochomwa ndani yake. Kinacholishikisha bakuli hilo na bati katika mtindo wake wa asili ni mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti. Vemikulaiti huzuia joto lisikimbilie nje, na kwa kuwa ni laini kidogo hustahimili kutanuka na kusinyaa kwa bakuli. Ndiyo sababu mpishi anaweza kuligusa bati la nje bila kuruka, na gunia la mkaa likachukua siku nyingi zaidi. Mafundi wa bati wa mitaani waliiga, na wengine wakaacha vemikulaiti kwa kuikosa au kwa kubana gharama. Mteja huligundua hilo baada ya miezi michache, bakuli linapoanza kucheza.

Yapo na mengine. Kuta za makasha ya fedha na milango ya kuzuia moto hujazwa jiwe hili, kwa kuwa lenyewe haliungui. Wafua chuma hufukia kipande chenye moto ndani yake ili kipoe polepole kisivunjike. Wasafirishaji wa chupa za dawa za maabara huzizungushia chembe zake, chupa ikipasuka dawa inanyonywa. Saruji iliyochanganywa nalo huwa nyepesi na hupunguza joto la paa.

Kwa sifa zote hizo, mtu angetazamia kwamba hoja iliyobaki ni moja tu: kuchimba kwa haraka. Wapo wanaosema hivyo, na baadhi yao ni watu wenye nia njema wanaochoshwa na kuona mawe ya Afrika yakisafiri ghafi na kurudi ndani ya mifuko yenye picha za maua. Wanapaswa kusimuliwa habari za Libby.

Libby ni mji mdogo katika jimbo la Montana, Marekani. Machimbo yake ya vemikulaiti yaliendelezwa kuanzia mwaka 1919, na inakadiriwa kwamba katika enzi zake huenda yalitoa hadi asilimia 80 ya vemikulaiti yote ya dunia. Katika mwamba huo huo ilikuwamo asbesto, imefungamana na vemikulaiti kama mchele na chuya. Wachimbaji waliivuta pumzi kazini, wakaibeba nyumbani kwenye nguo zao, wake wakaifua, watoto wakakumbatia baba zao mlangoni. Masalio ya kiwanda yalitumiwa katika bustani za nyumba na katika viwanja vya michezo vya shule. Ukaguzi wa wakaguzi wa afya wa jimbo mwaka 1956 ulikwisha kuitaja hatari ya vumbi hilo, lakini taarifa ilikwenda kwa wenye machimbo, si kwa wenye mapafu. Mwaka 1963 kampuni ya W. R. Grace iliyanunua machimbo na kuendelea nayo hadi yalipofungwa mwaka 1990. Nchi nzima ya Marekani haikuzinduka mpaka mwaka 1999, magazeti yalipoyaandika. Mwaka 2009 serikali yao ilitangaza hali ya dharura ya afya ya jamii mahali hapo. Mamia ya watu walikuwa wamekufa. Mwaka huo huo kampuni na wakubwa wake waliofikishwa mahakamani hawakupatikana na hatia.

Asbesto huua taratibu. Mtu huivuta akiwa kijana na hulipa akiwa mzee, miaka ishirini, thelathini au arobaini baadaye, mapafu yakiwa yamekakamaa au saratani ikiwa imeushika utando wake. Mwenye hesabu za faida za mwaka huu haoni mgonjwa yeyote katika daftari lake. Kwa sababu hiyo kupima jiwe hakuwezi kuachwa mikononi mwa anayeliuza peke yake, awe mgeni au mzalendo. Ubepari hauna rangi mahali hapo.

Haki isemwe pia: vemikulaiti yenyewe siyo sumu. Mwamba wa Libby ulikuwa na jirani mbaya, na machimbo mengine, Palabora mojawapo, yanajulikana kwa kutokuwa na balaa la kiasi kile. Lakini jicho la fundi haliwezi kutofautisha, tanuri haliiondoi asbesto, na hakuna mwamba uliopimwa kwa kuupimia mwenzake. Kila machimbo yapimwe kwa darubini ya maabara kabla tani ya kwanza haijatoka, matokeo yabandikwe mahali ambapo mchimbaji na mwanakijiji wataweza kuyasoma, kwa Kiswahili, na kila mfuko uonyeshe jiwe limetoka wapi. Ofisa wa manunuzi wa halmashauri anayeagiza mifuko mia kwa ajili ya vitalu vya miti hahitaji sheria mpya ili aulize mwuzaji swali hilo. Anahitaji kalamu yake tu. Asipojibiwa asitie sahihi. Nchi ambayo bado ina shule na nyumba za watumishi zilizoezekwa zamani kwa mabati ya asbesto haina udhuru wa kusema haikujua.

Na kwa mwalimu ambaye mfuko umekwisha kumfikia, kazi ni ndogo. Vumbi la jiwe lolote, hata lisilo na asbesto, si chakula cha mapafu. Mfuko ufunguliwe nje, si darasani. Ukatwe pembe moja, umiminiwe maji humo humo hadi chembe zilowe, ndipo wanafunzi waitwe kuchanganya mboji. Mifuko mitupu isikung'utwe. Anayebaki na mabaki ayahifadhi yakiwa na unyevu katika ndoo yenye kifuniko, na mwezi ujao, miche ya kabichi ikishahamishwa, atayapata yako tayari kwa trei za nyanya.