Fundi, usukani huo si bomba la maji

UKIPITA Kibera au Kawangware hukosi kumwona fundi wa baiskeli kando ya njia, amechuchumaa, msumeno wa chuma mkononi. Kijana amemletea baiskeli yenye usukani mpana kama mbawa za mwewe, naye anataka upunguzwe ili apenye vichochoroni bila kukwaruza mabati ya watu. Fundi anapima kwa jicho, anakata, anapokea hela zake.

Kwa ile baiskeli nyeusi ya babu, hakuna neno. Chuma hukatwa, kikapigwa tupa, na safari ikaendelea. Lakini siku hizi mitumba ya ng'ambo hutuletea pia baiskeli za mashindano, ambazo usukani wake ni wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Tena Kikuyu, mwendo mfupi kutoka Kawangware, ndiko David Kinjah alikomnoa Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Si ajabu vijana wetu kuzitamani.

Tatizo ni hili: chuma kikilemewa, aghalabu hupinda kwanza, nawe ukaonyeka. Kaboni haina adabu hiyo. Hukatika ghafla. Hebu fikiria mwanao akiteremka Ngong Road, matatu nyuma yake, na kipande cha usukani kimebaki mkononi!

Aidha, huenda ndani mna nyaya. Mwaka 2009 kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuuza gia za umeme ziitwazo Di2, na katika baiskeli kadhaa za aina hiyo nyaya hupitia ndani ya usukani. Ukikata bila kuchungulia, umekata na waya.

Sasa ufanyeje? Kwanza sogeza breki na mipira ya mikono ndani, uendeshe hivyo wiki moja. Pengine utaona hakuna haja ya kukata. Kisha soma maagizo ya mtengenezaji. Wengine huchora alama ya mwisho wa kukata, wengine hukataza kabisa. Wakikataza, tafuta usukani mwingine.

Wakiruhusu, tenganisha betri. Funga uzi mwembamba kwenye ncha ya waya, ndipo uuvute waya utoke. Uzi utabaki ndani, na ndio utakaourudisha.

Toa kiasi sawa kila upande: wa sentimita 72 ukitaka uwe wa 68, kata 2 huku na 2 kule. Zungushia utepe wa gundi mahali pa kukatia ili nyuzi zisichanike, kisha kata polepole kwa msumeno mkali wenye meno madogo. Kikata mabomba cha fundi wa maji kiweke mbali, kwani hubana na kupasua. Lowesha maji vumbi lisiruke, na uvae barakoa. Vumbi hilo hudhuru mapafu na kuwasha ngozi. Tena hupitisha umeme, basi lifute lote kabla ya kurudisha nyaya. Malizia kwa msasa. Ukiona ufa au matabaka yameachana, usukani huo usipandwe tena.

Mzazi, usimharakishe fundi, na umlipe muda wake. Kilichobaki chaweza kukatwa kesho, bali kilichokatwa hakiungiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.